Ndoo Mia Tatu za Anandumi

"Mwenye ndoo hatishwi na mwenye shamba." Mmemsikia leo fundi Elirehema akimpa mwenye fremu, yaani chumba cha duka anachopanga, maneno hayo alipokuja kumtishia kumtoa, mkacheka, mkadhani ni jeuri ya mafundi cherehani tu. Sasa mnaniuliza ndoo inaingiaje kwenye habari ya fremu. Kaeni, niwaambie. Methali hii ilianza hivi, huku huku mteremkoni Meru, na aliyeianzisha hakuwa mfalme wala sungura. Alikuwa mjane, na siku ile alikuwa amekasirika.

Jina lake Anandumi. Kabla ya kufiwa na mume alifanya kazi miaka kumi na mmoja kule Usa, bondeni chini ya mlima, kwenye shamba kubwa la maua, katika banda la kupandia vyunguni. Alipanda maua ya kila rangi, lakini moja lilimshika moyo: ua lenye manyoya, jekundu shingoni na kijani kwenye ncha, lililotandaza vidole kama kiganja cha mnyama. Asili yake Australia, na wenye shamba waliliita mguu wa kangaruu. Huku kijijini hakuna aliyewahi kumwona kangaruu, kwa hiyo watu waliliita mguu wa paka, na wenye midomo yao wakauliza kama linakamata panya.

Mwaka ambao shamba liliamua kuacha ua hilo, wafanyakazi waliagizwa watupe mashina mama kwenye shimo la taka. Anandumi alimwomba msimamizi ruhusa, akapewa, akarudi nyumbani na mashina tisa ndani ya kiroba. Miezi michache baadaye mumewe akafariki. Akabaki na binti mmoja wa shule ya sekondari, nyumba ya vyumba viwili, na mashina tisa ya ua ambalo kijiji kizima kililicheka.

Nyinyi mnajua mtu wa mlimani akipewa mche hufikiria mambo matatu: shimo, samadi na maji. Sasa ua hili halitaki lolote kati ya hayo. Kwao huota mchangani penye jua kali. Ukilizamisha kwenye udongo wetu mweusi wa migombani, mizizi inaoza. Ukilipa samadi kwa huruma, linaungua majani na kufa. Anandumi aliyajua hayo kwa mikono yake. Akaokota ndoo kuukuu za rangi na za mafuta ya kula, akazitoboa matako kwa msumari wa moto, akazijaza mchanga mnene wa mtoni, kokoto nyepesi za volkano na makapi ya mpunga yaliyochomwa. Kila ndoo akaiweka juu ya vipande vitatu vya tofali, kama chungu kwenye mafiga, maji yatoke chini na upepo upite. Aliyagawa mashina yale kwa kisu, yote isipokuwa moja, kila kipande na mzizi wake, na mwaka uliofuata akayagawa tena.

Kila Jumamosi aliinua ndoo zake moja moja na kuzitazama chini. Mzizi ukichungulia tundu na kukutana na hewa, unakauka ncha na kurudi ndani. Lakini ndoo ikigusa ardhi, mzizi unapita moja kwa moja, unajichimbia, na siku ukitaka kuihamisha unaukata mmea roho. Wanawake waliopita njiani walimsikitikia. "Maskini," walisema, "amekaa kihambani penye rutuba, anapanda mchanga."

Na kihamba chenyewe, yaani shamba lile la migomba na kahawa, hakikuwa chake. Kilikuwa cha ukoo wa mumewe, na baada ya msiba ukoo ulimpa shemeji yake, Ndewario, akiangalie. Msiniulize sheria ilisemaje. Sheria ilikuwa mjini na shemeji alikuwa mlangoni. Kwa miaka mitatu Ndewario alipita kando ya ndoo zile bila kuuliza hata zina nini.

Jicho lake lilifunguka siku moja ya Mei. Gari lilipanda mpaka kwa Anandumi, akashuka mama mmoja mwenye duka la maua Arusha. Alizunguka kwenye ndoo, akashika shingo zile zenye manyoya, akasema hajaona mguu wa kangaruu ulionyooka namna ile. Wakakubaliana. Ndoo mia tatu, maua yakifunguka wiki tatu baadaye, angezichukua zote, na msimu ujao angerudi. Anandumi alisindikiza gari mpaka barabarani, akarudi akilia kwa furaha, maana ada ya binti yake ilikuwa imepatikana na haikupita mkononi mwa mtu yeyote wa ukoo.

Kesho yake Ndewario akaja. Akaketi kwenye kigoda, akapewa chai, akainywa yote kwanza.

"Shemeji," alisema, "haya maua yametupendeza."

"Nashukuru, shemeji."

"Nimeona ni mzigo kwa mtu mmoja. Kuanzia sasa nitayasimamia mimi. Wewe utaendelea kumwagilia."

Anandumi aliweka birika chini taratibu. "Utasimamia maua ya nani?"

"Ya kihamba. Desturi unaijua: kilichoshika mzizi kihambani ni cha kihamba. Ndizi, kahawa, mti, ua. Cha mwanamke ni sufuria zake na kuku wake. Hatukufukuzi, nyumba ni yako kulala. Lakini kama hutaki kusimamiwa, njia unaiona ile."

Msidhani hakuogopa. Akilini aliliona gari la Arusha likija na kumkuta Ndewario amesimama mbele ya ndoo, yeye yuko nyuma na kopo la maji kama kibarua kwenye kazi ya mikono yake mwenyewe. Woga ule ukageuka hasira, na hasira ndiyo iliyojibu.

"Kamwite mshili," alisema. "Na uje naye Jumamosi, ndiyo siku yangu ya kuinua ndoo."

Mshili, yaani kiongozi wa ukoo, alikuwa mzee Sangito, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Alikuja Jumamosi asubuhi na wanaume wa ukoo, na wake zao wakaja pia, kwa sababu hakuna anayekosa ugomvi wa shemeji na shemeji. Ndewario akaeleza madai yake vizuri, na wengi wakatikisa vichwa kukubali. Desturi ilikuwa desturi.

"Anandumi, una la kusema?" mzee Sangito aliuliza.

"Nina swali tu, baba. Desturi inasema kilichoshika mzizi. Nani hapa ameona mzizi wangu kwenye udongo wenu?"

Ndewario akacheka. "Ndoo zote zina matundu! Mmea umekaa miaka mitatu, mzizi utakuwa bado unabisha hodi?"

"Basi inua, shemeji. Chagua unayotaka."

Akachagua kubwa iliyokuwa karibu, akaikumbatia na kujikaza kama mtu anayeng'oa kisiki. Ndoo ikaja yote kwa urahisi hata akayumba nyuma hatua mbili. Chini yake matofali matatu, na chini ya matofali udongo mkavu usio na hata uzi. Akainua ya pili. Akainua ya tano. Alipofika ya ishirini shati lilikuwa limemganda mgongoni, na wanawake walikuwa wameanza kuhesabu kwa sauti.

"Maji!" alipaza sauti ghafla. "Maji anayomwagilia ni ya mfereji wa ukoo!"

"Kuku wangu nao wanakunywa mfereji huo huo," Anandumi akajibu. "Na kuku ni wako?"

Watu wakaangua kicheko, na hapo Ndewario akakasirika kweli. Akazirukia ndoo safu kwa safu, akizisukuma kwa mguu, mpaka akafika kando ya mlango wa nyumba. Hapo palikuwa na nusu pipa, na ndani yake shina kubwa kuliko yote, shina mama, la mwisho lililobaki zima kati ya yale tisa. Akalishika. Halikutikisika. Akasukuma kwa bega, likakatalia pale pale.

"Limeshika!" alipiga kelele. "Limeshika mzizi! Njooni muone!"

Kicheko kikakatika. Anandumi alisogea akainama. Matofali ya chini ya pipa yalikuwa mabichi, mvua ya masika ilikuwa imeyayeyusha, na pipa lilikuwa limekaa juu ya ardhi tupu. Ndoo zote aliziinua kila Jumamosi isipokuwa hilo. Lilikuwa zito, na alipenda kulikuta pale anapofungua mlango asubuhi. Kwa kulipenda mno hakuwahi kulitazama chini.

"Moja limesema kwa niaba ya yote," Ndewario alisema akihema. "Mshili, nimemaliza."

Mzee Sangito alimtazama Anandumi. Angeweza kuomba, na pengine wangemwonea huruma wakamwachia nusu. Angeweza kukata mizizi ile kwa panga mbele yao na kubishana mpaka jioni. Akasimama wima, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Hilo ni lako, shemeji," alisema. "Limeshika mzizi kwenu, na kosa ni langu. Lichukue. Hizi nyingine hazijui hata ladha ya udongo wako."

Mshili akasema, "Desturi ilitaja mzizi. Haikutaja maji wala kivuli. Pipa ni la kihamba. Ndoo ni za mwanamke."

"Sawa!" Ndewario akafoka. "Basi na atoke nazo leo! Tuone atazipeleka wapi. Mwanamke asiye na ardhi hata ya kuzikwa! Na kaburi la kaka yangu unaliacha?"

Hilo lilimchoma. Kaburi lilikuwa pale pale, nyuma ya migomba, na yeye ndiye aliyelipalilia siku zote. Lakini alikwisha kuvua kitambaa cha kichwa akakisokota ngata, akaiweka kichwani.

"Kaburi ni la kaka yako pia," alisema. "Palilia nawe." Kisha akainama, akabeba ndoo ya kwanza kichwani, maua ya manyoya yakisimama juu yake, akamgeukia. "Nawe usinitishe na shamba. Mwenye ndoo hatishwi na mwenye shamba."

Akatembea. Ndoo ya kwanza ilipovuka mstari wa mimea ya masale pale mpakani, mke wa Ndewario mwenyewe alifungua kitambaa chake, akakisokota ngata, akabeba ya pili bila kumtazama mumewe. Wanawake wengine wakafuata. Waliteremka foleni mpaka ng'ambo ya mto, kwenye uwanja wa mawe wa mzee mmoja aliyeitwa Akyoo, uwanja ambao hata mbuzi walikuwa wameukataa. Akyoo akakubali kuukodisha pamoja na kibanda kilichokuwa hapo, akijiuliza kimoyomoyo mama huyu ana akili timamu kweli. Mawe, jua, upepo: kangaruu angeomba nini zaidi? Kufikia saa kumi kihamba cha Ndewario kilikuwa na safu za matofali matupu na pipa moja.

Gari la Arusha lilikuja kwa siku yake, likapakilia ng'ambo ya mto. Na lile pipa? Ndewario hakulionea ubahili. Alilichimbia shimo zuri migombani, akalipa samadi ndoo nne, akalimwagilia asubuhi na jioni. Majani yakaingia madoa meusi, yakalala, na kabla kahawa haijaiva shina lilikuwa limeoza. Anandumi alipopata habari alilia. Lilikuwa shina mama, jamani. Alilia siku nzima, na tangu Jumamosi iliyofuata hakuacha chombo bila kukiinua, hata kiwe kizito cha kuhitaji watu wawili.

Ngojeni, bado kidogo. Baada ya miaka miwili mzee Akyoo naye aliliona gari. Akaja na fimbo yake, akasimama katikati ya maua. "Mama," alisema, "uwanja huu ni wangu, na kuanzia mwezi ujao mambo yatakwenda ninavyotaka mimi. Yasipokufaa, utaondoka."

Anandumi alifungua kitambaa cha kichwa, akakisokota polepole, akaweka ngata kichwani, akainamia ndoo ya kwanza.

"Ah, mama, mbona haraka hivyo?" Akyoo akasema, na fimbo ikashuka. "Kaa basi, tuongee."

Ndivyo mnavyopaswa kumwelewa Elirehema. Mlisikia maneno yake mkacheka, lakini nani kati yenu aliutazama mkono wake? Wakati mwenye fremu anabwata, yeye alikuwa ameshafunika kichwa cha cherehani kwa kasha lake la kubebea na kulishika mpini. Angeondoka nayo kweli, na mwenye fremu aliliona hilo, ndiyo maana sauti yake ilishuka. Maneno matupu kila mtu anayo. Anandumi aliinua ndoo zake kila Jumamosi akizitazama chini, na ile moja tu asiyoiinua ndiyo iliyochukuliwa. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu methali hii, nenda kwanza ukainue chako uone kama kinainuka. Kikiinuka, msimamie mbele, mwangalie usoni, umwambie: mwenye ndoo hatishwi na mwenye shamba.