Posta ya Bwana Fisi

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwake, maana hadithi hii sirudii.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka nyasi zikasahau rangi yake. Mito ilikauka, visima vikabaki matope, na maji ya uhakika yalikuwa mahali pamoja tu: chini ya mwamba wa Simba, kwenye chemchemi ambayo hakuna aliyethubutu kuisogelea bila kualikwa. Lakini Sungura, mjanja wenu huyo, kiu haikuwa shida yake kubwa. Shida yake ilikuwa barua.

Mkewe, Mwajabu, alikuwa amekwenda kwao ng'ambo ya mto kujifungua mtoto wao wa kwanza, kama desturi inavyotaka. Desturi hiyohiyo inasema mkwe hatii mguu ukweni mpaka aitwe, na jina la mtoto hutolewa na baba. Jina Sungura alikwisha kulituma kwa posta. Sasa alingoja kuitwa. Angeweza kwenda bila kuitwa? Thubutu! Mwaka wa njaa namna ile wangesema, "Mkwe wetu hakufuata mtoto, kafuata chungu."

Zamani asingengoja sana. Posta ilikuwa ya wote. Kobe alibeba barua nyikani, Kima akazipokea msituni, Korongo akazivusha mto, na kila nyumba iliyopata barua ilimlisha mjumbe kile ilichokula yenyewe. Kobe alikwenda mwendo wake, sikatai, lakini barua ilifika.

Ndipo Fisi akaenda kwa Simba, mkia katikati ya miguu na asali mdomoni. "Mtukufu Mfalme, posta hii inakutia aibu. Mfalme mkubwa hivi, mjumbe wake kobe? Nipe mimi niiendeshe. Jambo hili linaitwa ubinafsishaji. Nami kila wiki nitakuletea paja."

Simba hakulielewa neno, ila aliupenda urefu wake, na mwenye kiburi haulizi maana mbele ya Fisi. Akaunguruma: "Kuanzia leo posta ni ya Fisi. Mwingine atakayebeba hata salamu, nitamla!"

Kazi ya kwanza ya Fisi ilikuwa kuila mikoba ya posta, kwa kuwa ilikuwa ya ngozi. Akasema anapunguza gharama. Kisha akawafukuza Kobe, Kima na Korongo, akatangaza stempu mpya: kila barua, mfupa mmoja.

"Mimi mla majani nitoe wapi mfupa?" Swala akalalamika.

"Unayo mingi," Fisi akamjibu, "ila umeivaa."

Tangu hapo Swala hakukanyaga tena posta.

Sungura yeye alikwenda kila asubuhi. "Habari za kuamka, Bwana Fisi. Yangu imefika?"

"Ipo njiani."

"Njia gani hiyo isiyo na mwisho?"

"Njia ya posta," Fisi akasema, huku akitafuna stempu.

Lakini macho ya Sungura hayalali. Alimwona Ngiri akileta barua. Fisi akainusa, haikunukia kitu, akaitupa nyuma bila hata kutazama inakwenda kwa nani. Akaja Mbweha na kifurushi cha nyama kavu kwa shangazi yake. Fisi akakinusa, akakikumbatia, na macho yakamlegea. Sungura akaliweka hilo moyoni.

Siku moja Korongo alitua karibu naye, akatazama huku na huku. "Mimi sibebi salamu, nisije nikaliwa. Nasema tu nilichokiona nikiruka. Kwa wakwe zako, nepi zimeanikwa uani."

Sungura aliruka juu kwa furaha, halafu akakaa chini. Ana mtoto, na hajaitwa! Ilimuuma, wallahi ilimuuma. Ama wakwe wamemchukia, ama wito wake umeishia mikononi mwa Fisi. Na mtoto akikaa bila jina, mjomba wake atampa lake. Mjomba mwenyewe ni Kibogoyo, ambaye hamu yake duniani ni kuona watoto wote wanaitwa Kibogoyo.

"Mwanangu aitwe Kibogoyo?" Sungura akasema. "Haiwezekani!"

Akaenda moja kwa moja kwa Simba. Wakati huo Simba alikuwa akijiandaa kwa sikukuu ya utawala wake. Alikuwa ameangusha nyati mzima, na siku hiyo moja kwa mwaka nyama ilikuwa ya wala nyama wote, na chemchemi ilifunguliwa kwa kila mwenye kiu.

"Mtukufu, wageni utawaalika vipi?"

"Nitaunguruma, kama kila mwaka."

"Kuunguruma?" Sungura akashika shavu. "Mtukufu, hata radi huunguruma, wala haialiki mtu. Wafalme wa siku hizi hutuma kadi. Na posta si umekwisha kuitengeneza mwenyewe?"

"Naam, niliibinafsisha," Simba akasema, akilionja neno. "Basi niandikie kadi. Na Fisi usimsahau."

"Fisi? Yake nitaianza."

Sungura akaandika kadi, ya Fisi juu kabisa. Akazisugua zote kwa majani ya mvumbasi, ili pua isipate harufu ya nyama wala ya mfalme. Mifupa ya stempu akaiokota palepale chini ya mwamba, akalipeleka furushi posta. Fisi akalinusa. Mvumbasi ukampanda puani, akapiga chafya, akalitupa lote nyuma.

"Zitafika?" Sungura akauliza kwa upole.

"Zipo njiani," Fisi akasema.

Sikukuu ikafika. Upepo siku hiyo ulitoka posta kwenda mwambani, kwa hiyo hata harufu haikumfikia Fisi. Simba alichana manyoya, akakaa juu ya mwamba, nyati mbele yake. Akangoja. Hakuja mtu. Jua likapanda, likaanza kushuka. Wageni pekee walikuwa nzi. Alasiri Sungura akajipitisha.

"Sungura! Wameniasi?"

"Mimi sijui, Mtukufu. Mimi nilikuwa karani tu. Kadi yangu nayo niliipeleka posta na za wenzangu, bado naisubiri."

Hapo Simba akaunguruma kweli, nyika nzima ikaja mbio. Fisi alifika, akaona nyati, akameza mate mara nyingi.

"Mbona hamkuja kwenye sikukuu yangu?"

"Sikukuu gani, Mtukufu?" wakashangaa. "Hatukualikwa!"

"Fisi! Kadi zangu?"

"Zote zimefika, Mtukufu, kila nyumba," Fisi akasema bila kupepesa. "Hawa ni wajeuri tu."

Sungura akasogea mbele. "Bwana Fisi anasema kweli, wala tusimvunjie heshima. Zote zimefika. Ila kulikuwa na kadi ya Bwana Fisi mwenyewe. Nayo ilifika?"

Fisi akamtupia nyati jicho. "Ilifika," akasema.

"Nyati mzima, nyama ya bure, kadi mkononi, nawe ukabaki nyumbani?"

"Nilikuwa naumwa tumbo."

Weee! Nyani akacheka mpaka akaanguka kutoka tawini. Ngiri akakaa chini kushika mbavu. Fisi kuiacha nyama kwa sababu ya tumbo? Hata kitoto cha panya hakikubali.

Simba hakucheka. "Yaani ulipata kadi yangu, ukaidharau?"

"Hapana, Mtukufu! Naapa, ningeipata ningekuja tangu jana! Sikuipata!"

"Basi hazikufika zote," Sungura akasema. "Mwenye posta mwenyewe hapati barua yake."

Muhanga, ambaye hulala mchana kutwa, ndiyo kwanza alikuwa akifika, anapiga miayo. "Kama ni barua mnazotafuta, njooni mzitoe nyumbani kwangu. Kuna mtu anazitupia shimoni kila siku, sina tena pa kuweka kichwa."

Walizitoa mpaka zikawa kilima. Kadi ya Fisi ilikuwa humo. Na humo Sungura akakuta barua za Mwajabu, akazisoma palepale. Ya kwanza ilisema: "Njoo, mume wangu. Ni wa kike, na masikio ni yako." Ya pili: "Mbona kimya?" Ya mwisho: "Mjomba Kibogoyo ameanza kukohoa, anataka kutaja jina."

Sungura akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

"Nani aliibinafsisha posta hii?" Simba akaunguruma. Wote wakatazama miguu yao.

"Neno lilikuwa refu, Mtukufu," Sungura akasema huku akifuta machozi. "Refu namna hiyo humpoteza yeyote."

Simba akakohoa kidogo. Akarudisha posta kwa Kobe, Kima na Korongo, akawaambia wote wanywe na wale. Wote, isipokuwa Fisi. Yeye alitwishwa barua zote za shimoni, azifikishe mlango kwa mlango kwa miguu yake, na alishwe kwa desturi ya zamani. Akaondoka na mzigo, harufu ya nyati ikimfuata nyuma. Kwa Swala akapewa nyasi. Kwa Nyumbu, nyasi. Kwa Pundamilia akauliza leo kuna nini, akaambiwa nyasi.

Sungura alikuwa amekwisha kufika ukweni, barua ya wito mkononi. Mama mkwe akamwekea mtoto mapajani. Yalikuwa kweli masikio yake.

"Umekawia," Mwajabu akasema, ila alikuwa anatabasamu. "Haya, jina. Huyu hapa tunamwita 'Huyo' mpaka leo, na mjomba amekwisha kusafisha koo."

"Jina nililituma kwa posta," Sungura akajibu. "Lipo njiani."

Kabla hawajamgombeza, hodi ikapigwa. Alikuwa Fisi, ulimi nje, vumbi mpaka kope, na barua moja mdomoni. Mwajabu akaifungua, akasoma kwa sauti: "Faraja." Mjomba Kibogoyo akanuna, mtoto akacheka, na mama mkwe, mwanamke wa desturi, akamletea mjumbe bakuli lililojaa majani ya kunde.

Fisi akayanusa. Akafumba macho. Akala.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.