Aliyekataa Kusitiriwa

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mwenye ugonjwa wa viungo. Vidole vilivimba hata kufunga kitufe ikawa kazi. Daktari akampa vidonge vya prednisoloni vya kupunguza uvimbe, akamwonya apunguze chumvi na asimeze dawa nyingine yoyote bila kumwambia.

Mama huyu aliishi na mama mkwe wake. Na mkwe mwenyewe si wa mchezo! Ndiye aliyekuwa akifunda maharusi wote pale kanisani. Alipomwona mkaza mwana analia kwa maumivu, akamletea vidonge vyake mwenyewe vya maumivu ya magoti.

"Meza hivi, mwanangu. Mimi vimenisimamisha."

Mkaza mwana akalikumbuka onyo la daktari. Lakini niambieni, kina mama: mkwe amekuletea kwa mkono wake, na maji ameshika. Utakataa? Akajiambia, "Hii si dawa, ni upendo wa mama," akameza. Na kesho yake tena, na tena.

Tumbo likaanza kumwuma. Siku moja akatapika damu. Akakimbizwa hospitali, mkwe kando yake, na wanawake wa kanisa wamejaa mlangoni.

Daktari akauliza, "Kuna kingine umemeza?"

Akamtazama mkwe wake, akainamisha macho. "Hakuna, daktari."

"Mama, nakuuliza tena. Kuna kingine?"

"Hakuna."

Mnaona? Anavuja damu, na bado anasema hakuna!

Hapo mkwe akafungua pindo la kanga, akatoa vidonge, akaviweka mezani mbele ya wote.

"Daktari, mwanangu ananisitiri. Kipo. Nilimpa mimi."

Daktari akavitazama. "Shikamoo, mama. Umemwokoa. Hivi na vile vyake vikikutana, vinachimba vidonda tumboni. Hivi aache leo. Vile vyake asiviache ghafla, nitamwongoza mwenyewe." Wakamtibu, akapona.

Jamani, mimi nampenda mama mkwe huyu! Nampenda kuliko watu wengi ninaowasifu hapa mbele. Alikosea, ndiyo, na alikosea kwa upendo. Lakini ukweli ulipohitaji mtu wa kuusema, hakungoja aulizwe. Angeweza kunyamaza, akabaki na heshima yake yote, akaenda nayo makaburini kumzika mkaza mwana. Wangapi wetu tungefungua lile pindo?

Sisi tunadhani tukisitiriwa tumepona. Mume anasitiriwa na mke, mzazi na mtoto, mchungaji na waumini wake. Ndiyo, na mimi nimo. Tunaona jinsi wanavyotuheshimu, tunafurahi, wala hatuulizi heshima hiyo inawauma wapi.

Basi leo ukifika nyumbani, usianze kwa kuuliza nani amekukosea. Mtazame yule anayeinamisha macho kila akiulizwa habari zako. Huyo anavuja damu. Sema wewe, kabla hajafa kwa ajili ya jina lako.