Ufunguo wa Ghala la Ngozi

Walio nyuma sogeeni mbele, kesi hii yahitaji masikio mengi.

Katika mji wa Kwamsala waliishi watu watatu. Mwajabu, mama lishe, alijaliwa ulimi. Semkiwa, fundi mwashi, alijaliwa mikono. Hamdani, mshona viatu, alijaliwa macho: akikiona kitu cha kale, hukwambia kilifanya kazi gani na mikononi mwa nani.

Mjini palikuwa na ghala ambamo zamani tajiri mmoja alinunua ngozi na nta. Tajiri alihama ghafla, watu wakanong'ona kwamba kafukia dhahabu humo. Ghala likabakia makao ya popo.

Halmashauri ilipoleta tingatinga kulibomoa, Mwajabu, aliyekuwa akipikia barazani hapo, aliketi mlangoni na masufuria yake.

"Mama, ondoka!" dereva akafoka.

"Mwanangu, bibi yako alibeba nta kichwani mpaka hapa. Haya, nipitie juu, kisha ukamsimulie."

Dereva akazima mashine. Diwani akasema, "Basi lifanyeni makumbusho. Mkishindwa, linabomolewa."

Semkiwa akaanza kazi bila ujira. Akajenga upya pembe zilizobomoka, akanyanyua paa lililolala. Ila alijifungia kwa ndani. Mwajabu akikoroga uji wake alijiuliza: fundi gani huyu asiyetaka kuonekana?

Hamdani naye akapita nyumba kwa nyumba akiomba mizani, kandili na mitungi. Watu wakampa, maana kwa kila chombo aliwarudishia habari za marehemu wao. Lakini akirudi ghalani, Mwajabu alimchungulia akigonga sakafu kwa nyundo na kutega sikio. Usingizi ukampaa.

Makumbusho yakafunguliwa, wageni wakafurika. Diwani akatangaza, "Mtunzaji ni mmoja. Atakaa chumba cha juu, na ufunguo ataushika yeye."

"Asipewe Semkiwa!" Mwajabu akaruka. "Ukuta wa chumba hicho una lipu mbichi. Kaficha nini?"

Wakapanda, wakaibandua lipu. Dhahabu haikuwemo. Palikuwa na ufa mpana kama kiganja, umebanwa kwa vyuma.

"Mngeuona, mngelibomoa ghala," Semkiwa akasema. "Nimeubana, hautafunguka."

"Na wewe Hamdani, sakafuni ulitafuta nini?" Mwajabu akauliza.

"Mchwa," Hamdani akajibu, macho chini. Kisha akayainua. "Nawe shangazi, ulitetea ghala, au baraza ya kuuzia uji?"

Mwajabu jibu alikuwa nalo, ila hakulipenda.

Diwani akauweka ufunguo mezani, akashindwa kumkabidhi yeyote.

Bila ulimi, ghala lingekuwa kifusi. Bila mikono, lingewaangukia wageni. Bila macho, wangeingia wakakuta vumbi tupu. Na watatu hao, hakuna amwaminiye mwenzake.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: ufunguo mngempa nani, kisha mkalala usingizi?