Kindi na Kitabu cha Makosa

Wasikilizaji, mpo?

Tupo.

Nina jambo: nilete au nirudi nalo?

Lilete, tumeshakaa.

Basi, palikuwa na sekondari ya bweni huko porini, na mwalimu wa nidhamu alikuwa Nyani. Sheria ya tisa ilisema: yeyote atakayekutwa na chakula nje ya bwalo ataandikwa, na akiandikwa mara tatu atafukuzwa. Jumatatu Nyani alipekua masanduku, kwaru kwaru, akakuta kopo la korosho kwa Kindi. Kindi akamweleza kwamba mama yake ndiye aliyezikaanga, wiki moja kabla hajafa, na kwamba yeye hazili. Hufungua tu, akanusa, akafunga.

"Kanuse ubao," akasema Nyani, akalifungia kopo kabatini mwake.

Kindi alikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo Nyani alimpa kazi ya kujaza kitabu cha makosa. Kindi akaisoma tena sheria ya tisa. Yeyote. Akaona kwamba Nyani akifukuzwa, kabati litafunguliwa.

Jumanne Nyani akala ofisini mihogo aliyomnyang'anya Digidigi, kafu kafu. Kindi akaandika: Nyani, mihogo. Nyani akatia sahihi bila kusoma. Jumatano akala maandazi ya Pimbi, kafu kafu. Kindi akaandika: Nyani, maandazi. Nyani akatia sahihi bila kusoma.

Alhamisi hakukamatwa mtu na kitu. Nyani akafungua kabati, akatoa lile kopo.

Kindi akamsihi asubiri kesho, Ngiri ataletewa karanga kutoka kwao.

"Kesho ni ya Ngiri, we mtoto. Leo ni yako. Andika."

Kafu kafu, kafu kafu. Kindi akaandika: Nyani, korosho za kukaanga, kopo moja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote. Nyani akatia sahihi bila kusoma.

Ijumaa, paredini, mkuu wa shule, Twiga, akakisoma kitabu kwa sauti. Nyani, Nyani, Nyani. Kabla ya saa sita Nyani alishatoka getini na begi lake, na wanafunzi wakapiga makofi, pa pa pa. Kindi akakabidhiwa kopo. Akalifungua, akanusa. Lilinuka mdomo wa Nyani.

Twiga akamuuliza, "Umeshinda, mwanangu. Mbona hushangilii?"

"Ahsante, mwalimu," akasema Kindi, akaenda darasani.

Limefika lilipokuwa linakwenda, nalo halirudi. Mkiinuka, inukeni na funzo lake: sheria za shule zimewekwa kulinda mali ya kila mwanafunzi, na anayezisoma vizuri hapotezi kitu.