Kamba ya Honi ya Mlimbika

Kuna fumbo moja nimetembea nalo miaka mingi. Nimelipeleka kwa walimu, kwa mashehe, kwa mapadri na kwa wazungumzaji wa vijiwe vya kahawa, na kila aliyelipokea alinirudishia likiwa zima. Leo nawapa ninyi. Mkubwa asilidharau, mdogo asiliogope.

Bara huko, kwenye stesheni ndogo iitwayo Mlimbika, kuna karakana ya zamani ya reli iliyogeuzwa kuwa makumbusho. Ndani yake ilisimama injini ya mvuke iliyostaafishwa siku dizeli zilipochukua njia. Popo walilala kwenye dohani yake, na mbuzi walijikinga mvua chini ya tumbo lake. Msimamizi wa makumbusho, Bi Kalunde, akatangaza: anayetaka kuifufua aje, mshahara hakuna, chai ipo. Wakaja watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Kabwe, mkereza vyuma, na kipaji chake kilikuwa mikono. Mabomba mengi ya injini yalikuwa yameibwa yakauzwa kama vyuma chakavu. Kabwe hakuwa na mchoro wala mfano. Alitazama tundu lililobaki, akajua kilichokuwamo. "Pengo litakwambia jino lilikuwaje," alisema, akarudi kwenye mashine yake kukereza jingine.

Wa pili alikuwa Nyamizi, mwanamke aliyeendesha mashine ya kusaga nafaka mpaka nywele zikaota mvi, na kipaji chake kilikuwa masikio. Aliegemeza ncha ya fimbo kwenye chuma, ncha ya pili akaiweka sikioni, kisha akanyoosha kidole: hapa panavuja. Walipofungua, palikuwa panavuja.

Wa tatu alikuwa Lutufyo, mchochea moto wa reli wa zamani, na kipaji chake kilikuwa moto. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji yatoe mvuke, likilala miaka mingi haliamshwi kwa pupa, maana chuma kikitanuka ghafla hupasuka. Lutufyo alianza na vijiti, akaja kwenye kuni nyembamba, na magogo yakasubiri hadi kesho yake.

"Mnyakyusa wewe, unapika injini au ndizi?" Nyamizi alimtania.

"Yote mamoja, dada. Ukiharakisha, kinaiva nje tu."

Sasa sikilizeni desturi yao, maana fumbo limekaa hapo. Watu wa reli wa Mlimbika walikuwa na sheria isiyoandikwa: injini iliyokufa ikifufuliwa, hailii mpaka siku ya kukabidhiwa. Siku hiyo aliyeifufua hushika kamba ya honi, hutamka jina la marehemu mmoja, kisha huvuta. Jina hilo ndilo la injini, na halibadilishwi kamwe. Anavuta mtu mmoja, mara moja, jina moja.

Na kila mmoja alikuwa na jina lake moyoni. Kabwe alitaka jina la baba yake, aliyekuwa dereva wa mwisho wa injini ile. Nyamizi alitaka la mumewe, mkaguzi wa njia, aliyepigwa na radi akiwa kazini. Lutufyo alitaka la swahiba wake wa sepetu, mchochea moto mwenzake, aliyezikwa kando ya reli mahali ambapo hata alama haipo.

Ikafika siku ya majaribio. Watoto wa shule ya jirani wakapandishwa kwenye behewa, wazazi wakajipanga kando ya njia. Alfajiri hiyo wale watatu walikuwa wameisugua shaba yote kwa limau na majivu, wakipokezana kitambaa, mpaka ikang'aa. Hapo kwenye shaba palikuwa na kioo kinachoonyesha kiasi cha maji ndani ya boila, na juu yake bomba dogo lenye kishikio. Katika kusugua kwa mapenzi, mkono mmoja ulikigeuza kishikio hicho, bomba likajifunga. Mkono wa nani? Hakuna ajuaye, kwa kuwa wote watatu walisugua pale. Tangu hapo kioo kikaonyesha maji tele, na huku maji yanapungua.

Nyamizi alikuwa ndani ya behewa na watoto, treni ikiwa bado haijaondoka. Katikati ya kelele na nyimbo, akasikia mngurumo wa boila umebadilika. Akaruka chini, akakimbia hadi mbele. "Lutufyo, toa moto! Maji yamekwisha!"

Lutufyo alitazama kioo. "Maji haya hapa, dada, yamejaa."

"Hicho kioo chako kina macho, mimi nina masikio! Nasikia sufuria inayoanza kushika ukoko!"

Lutufyo alikuwa na pumzi moja tu ya kuamua. Mbele yake palikuwa na kioo alichofundishwa kukiamini maisha yake yote, na nyuma yake mwanamke wa mashine ya unga. Aliamini masikio ya mwenzake. Tena hakufanya ambalo mwoga angefanya, kufungulia maji ya baridi juu ya chuma kilichoiva, maana hapo boila lingelipuka na behewa zima lingeteketea. Alichukua chuma kirefu, akauvunja moto na kuusukuma kwenye mlango wa majivu ulio chini. Mlango ukagoma. Pini yake ilikuwa imekaza kwa joto.

Kabwe, aliyekuwa hapo kando, hakungoja kuombwa. Alijitupa chini ya injini na nyundo yake, akalala chali juu ya kokoto, akaigonga pini huku cheche zikimwagikia mikononi, mikono ile ile. Pini ikachomoka, akajiviringisha pembeni, na moto wote ukaanguka njiani. Boila likapoa likiwa zima. Watoto wakashuka wakidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi.

Vidonda vya Kabwe vilipopona, siku ya kukabidhi ikawadia, na Bi Kalunde akaulizwa: kamba ashike nani?

"Bila masikio, nani angejua?" walisema baadhi ya watu waliokusanyika.

"Kujua bila kuamini kuna faida gani?" wakajibu wa pili.

"Na moto ungepitia wapi, kama mlango umefungwa?" wakamaliza wa tatu.

Bi Kalunde akawaita wahusika wenyewe. "Kila mmoja amtaje anayestahili. Marufuku kujitaja."

Kabwe akamtaja Nyamizi. Nyamizi akamtaja Lutufyo. Lutufyo akamtaja Kabwe.

"Jamani!" Bi Kalunde akashika kichwa. "Si mngegombana tu, ningejua pa kuanzia?"

Ndipo alipoamua, na uamuzi akautekeleza mwenyewe. Alipanda juu, akaviringisha kamba ya honi, akaifunga fundo kwa kipande cha kanga yake. Akasema injini itatembea, ila haitalia wala haitakuwa na jina, mpaka apatikane mtu wa kumwambia fundo hili lifunguliwe kwa mkono wa nani, na kwa haki gani. Kisha akachukua kipande cha reli kilichokuwa kengele ya stesheni, akatangulia kwa miguu akikigonga, ili watu wapishe njia.

Hata leo ndivyo inavyokwenda. Kabwe anashika mkono wa kufungulia mvuke, Lutufyo anachochea, Nyamizi anasikiliza, na Bi Kalunde yuko mbele anagonga chuma. Watoto wanaiita Bubu, na ikipita wanailizia honi kwa midomo yao. Wale watatu husikia, hucheka, kisha kila mmoja hutazama kwingine.

Kanga imechakaa, fundo bado halijaregea. Haya, wewe uliyekaa hapo: majina ni matatu na kamba ni moja. Ungemkabidhi nani?