Kidawa na Bakuli la Akiki

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakila na kunywa kwenye vyombo kama sisi, alikuwapo pimbi mmoja, jina lake Kidawa. Yeye na mumewe walikuwa mafundi wa akiki, lile jiwe jekundu la thamani. Walilichonga, wakalisugua kwa mchanga na maji, kwaru, kwaru, hadi likawa jembamba, likapitisha mwanga.

Bwana Chui alimwagiza mume amchongee birika. Lilipokwisha alilisifu sana, kisha akamuua fundi.

"Sitaki mwingine awe na birika kama hili," alisema.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka alipofika kwa mjane.

"Pole kwa msiba, Bi Kidawa. Sasa nataka bakuli."

Kidawa aliwatazama wanawe. Angekataa, wangeliwa palepale.

"Nimesikia, bwana."

Akachonga huku machozi yakilowesha jiwe. Chui alijilaza karibu, akimlinda. Bakuli lilipokaribia kwisha, Kidawa aliweka patasi chini.

"Bwana, limebaki kung'arishwa. Ila bakuli la akiki huonyesha uso wa aliyeling'arisha. Nikiling'arisha mimi, kila ukinywa utaniona mimi."

"Uso wa pimbi kwenye bakuli langu? Sikubali. Nifanyeje?"

"Tia mchanga na maji, usugue kwa kucha zako mwenyewe. Usiache mpaka ujione."

Chui akasugua. Kwaru, kwaru. Akiki ni jiwe gumu, na kucha zilizidi kulika. Hakutambua, maana macho yake yalikuwa ndani ya bakuli, yakiutafuta uso wake. Kidawa akawapandisha wanawe jabalini, mmoja mmoja.

Hatimaye Chui akajiona.

"Nimependeza," akasema. "Bi Kidawa, kazi yako imekwisha."

Kidawa alijua maana ya maneno hayo. Akaparamia jabali, pa, pa, pa, akawafikia wanawe. Chui akamrukia, lakini miguu yake iliteleza, isipate pa kushika. Akaanguka chini, pu! Akajaribu tena, akaanguka tena.

"Umenifanya nini?" akauliza, akitazama vidole vyake.

"Kucha zako zimo ndani ya bakuli, bwana. Kunywa."

Tangu hapo Chui hakuweza kumkamata hata panya. Akafa kwa njaa, vyombo vyake vizuri vikimzunguka.

Juu ya jabali, mwana mdogo alimuuliza mama yake, "Sasa baba atarudi?"

"Harudi, mwanangu," Kidawa akajibu, akamkumbatia.

Basi jueni, wanangu: anayemuua fundi hubakiwa na kazi asiyoijua.