Bomba la Harusi ya Sekela

Hapo zamani, wala si zamani sana maana bomba lenyewe bado lipo, Mzee Lutengano aliishi kule juu Makete, ambako mwezi wa saba nyasi huamka nyeupe kwa jalidi, na maji huganda ndani ya bomba mpaka bomba lipasuke.

Binti yake wa kwanza aliolewa mwezi huo. Asubuhi ya harusi bomba la uani likapasuka. Wanawake wakashuka bondeni na ndoo, wageni wakala jua likizama, na wakwe wakapata la kucheka mwaka mzima. Sasa ikaja zamu ya Sekela, binti wa pili, na mchumba wake alipata likizo mwezi wa saba tu.

Mzee akawaita watu wake. "Atakayefanya maji yatoke asubuhi ya harusi, nampa yule mtamba wangu mwekundu."

Wa kwanza kuinuka alikuwa Fundi Tweve. Alichimba siku nne, akalifukia bomba kina cha goti, kutoka barabarani mpaka uani. Lakini hatua tatu za mwisho akakuta mwamba. Sururu ikagonga, ikaruka. Hapo bomba likabaki nje, likipanda ukutani hadi kwenye koki.

Wa pili alikuwa Tusajigwe, dada wa Mzee Lutengano. Alilivika magunia lile bomba la nje, magunia yakaisha kabla ya bomba kuisha. Akaingia ndani, akatoka na blanketi lake zito, la pekee alilokuwa nalo, akalikata kwa mkasi. Akazungushia vipande, juu akafunga nailoni ili visilowe.

"Shangazi, wewe utajifunika nini?" Sekela akamwuliza.

"Nina vitenge viwili na sweta. Wewe olewa."

Wa tatu alikuwa Bibi Atuganile, mama wa Mzee Lutengano. Na hapa sikilizeni vizuri. Mzee alikuwa amekataza koki isiguswe, kwa sababu tangi la kijiji lilikuwa limepungua na maji yote yalitakiwa kwa ajili ya wageni. Jioni ya kuamkia harusi, bibi akatoka na fimbo yake, akailegeza koki kidogo tu, maji yakawa yanadondoka tone kwa tone kwenye beseni. Alijua maji yanayotembea hayagandi upesi. Hakumwambia mtu.

Kulipopambazuka uwanja ulikuwa mweupe kama umemwagiwa unga. Jirani wa kulia akafungua koki yake: kimya. Jirani wa kushoto akafungua: kimya. Sekela, na hina mikononi, akafungua ya kwao. Maji yakatoka. Mama yake akapiga kigelegele, na nyumba nzima ikaitikia. Chai ikachemka mapema, pilau ikaiva kabla ya saa sita, na wakwe, badala ya kucheka, wakaomba waongezewe nyama. Majirani nao wakaja na ndoo zao, wakabaki kucheza.

Baada ya chakula mzee akamleta mtamba kwa kamba, shingoni amefungwa utepe.

Fundi Tweve akasema, "Mzee, njia yote ya maji imepita mikononi mwangu. Bila mtaro wangu, maji yangeganda huko barabarani, hata hapa yasingefika."

Tusajigwe akasema, "Kaka, fundi alifika kwenye mwamba akaacha. Jalidi ingeingilia hapohapo. Na mimi nimelala natetemeka."

Bibi akasema, "Koki yenyewe hakuna aliyeivika. Nisingeilegeza jana jioni ikadondoka usiku kucha, ingeganda mdomoni, na mtaro na blanketi vingekuwa kazi bure."

"Mama, nilikataza," mzee akasema.

"Ulikataza, mwanangu. Ningekutii, saa hizi ungekuwa bondeni na ndoo."

Watu wakacheka, mzee naye akacheka, lakini mkono wake ukabaki na kamba. Upande wa bwana harusi wakamtaja fundi. Wanawake wa jikoni wakamtaja Tusajigwe. Wazee wakamtaja bibi, wengine wakasema aliyevunja agizo hazawadiwi. Ngoma ikaendelea, mabishano yakaendelea, mtamba akala majani ya mapambo.

Sasa nawauliza ninyi mlioketi hapa: kamba ile ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?